Barua ya wazi: Aliyetumwa kututilia saini alipewa mamlaka gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Nakala: Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)

Waheshimiwa,

Ninafundisha historia sekondari mkoani Morogoro, na kila tukifika kwenye mkataba wa mwaka 1884 kati ya Chifu Mangungo wa Msovero na Mjerumani Karl Peters, darasa hugeuka mahakama. Mshtakiwa ni mmoja tu: Mangungo. Alidanganywa, alihongwa, hakujua kusoma, aligawa nchi. Ni mara chache mwanafunzi kunyoosha mkono na kuuliza habari za upande wa pili wa mkeka: na huyo Karl Peters, yeye alitumwa na nani?

Swali hilo ndilo lililonifanya niwaandikie. Ninaomba jambo moja. Kila mkataba wa kimataifa unaopelekwa Bungeni uambatane na hati ya mamlaka kamili ya mtu aliyeutia saini kwa niaba yetu, yaani karatasi inayoonyesha ametumwa na nani na anaruhusiwa kukubali nini; hati hiyo iwe kwa Kiswahili, na iwekwe hadharani pamoja na mkataba wenyewe. Najua ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo kwa kawaida hukaa kwenye jalada na kusahauliwa. Nitajaribu kuonyesha kwa nini inastahili kuwasumbua wakubwa watatu kwa mpigo.

Balozi wetu anapopelekwa nje, cheo chake kwa ukamilifu ni kirefu kuliko kinavyotajwa kwenye taarifa ya habari: ni balozi maalumu mwenye mamlaka kamili. Mkia huo magazeti huukata, na siwalaumu, maana hata sisi wasomaji tumekwisha kuuona kama pambo. Neno balozi lenyewe tumelitawanya mno. Tuna balozi wa nyumba kumi, tuna balozi wa benki, tuna balozi wa sabuni, na mwanamuziki akipiga picha ameshika chupa ya soda kesho yake anaitwa balozi. Kwa asili yake si neno la kujivuna hata kidogo. Limetufikia kupitia Kituruki kutoka kwa bailo, cheo cha mwakilishi wa Venice mjini Constantinople, na bailo nalo limezaliwa na neno la Kilatini, baiulus, maana yake mbeba mizigo. Uzito wa cheo uko kwenye ule mkia unaokatwa.

Mkia huo ulizaliwa na wanasheria wa Ulaya ya zama za kati, waliokuwa wakifufua sheria za Kirumi. Kwa Kilatini plenus ni kilichojaa, potestas ni mamlaka. Mwenye plena potestas ni mtu aliyejazwa mamlaka. Walihitaji maneno hayo kwa sababu wajumbe walikuwa wa namna mbili, na kuwachanganya kulileta hasara. Azo, mwanasheria wa Bologna aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 13, alisema mjumbe wa kawaida yuko badala ya barua: ni sauti ya aliyemtuma, kama ndege anayeiga maneno aliyofundishwa. Akiulizwa jambo ambalo hakuagizwa, hana jibu. Lazima arudi. Wa pili alikuwa wakili, na yeye aliweza kujadiliana, kupunguza, kuongeza na kufunga neno papo hapo, na alichokifunga kilimfunga bwana wake kana kwamba alikuwepo mwenyewe.

Sisi tofauti hii hatuhitaji kufundishwa na Bologna. Mshenga anapeleka posa na kurudisha majibu, basi; hata akipenda vipi, hawezi kuozesha. Mwenye kuozesha ni walii, au yule ambaye walii amempa uwakala mbele ya mashahidi, na akishatamka "nimekuozesha" hakuna kurudi nyumbani kuuliza. Hakuna familia yenye akili inayokwenda kwenye akdi bila kujua nani ni mshenga na nani ana uwakala. Kwenye mikataba ya nchi, Waheshimiwa, sisi wananchi tunakwenda hivyo hivyo, tukiona tu picha za watu wakipeana mikono.

Madhara ya mamlaka kamili yakitolewa bila kipimo yalionekana mapema sana. Mwaka 1201 wakuu wa Ufaransa waliokuwa wakiandaa Vita vya Nne vya Msalaba walituma wajumbe sita Venice kutafuta meli. Waliwapa hati zenye mihuri zikiahidi kwamba chochote watakachokubali hao sita, wakuu watakitimiza. Wajumbe wakakubaliana na mtawala wa Venice, Enrico Dandolo, kusafirisha watu 33,500 na farasi 4,500, kwa malipo ya marki 85,000 za fedha. Hesabu ya watu waliibuni tu. Jeshi lilipokusanyika Venice mwaka 1202, waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja, na hata baada ya kukusanya vyombo vya fedha na dhahabu deni lilibaki marki 34,000. Kwa kuwa saini ya wale sita ilikuwa saini ya wote, jeshi zima likawa mdaiwa. Venice ikawaambia watalipa kwa kazi: kwanza wakaiteka Zara, mji wa Wakristo wenzao, kisha mkondo wa madai na ahadi ukawafikisha Constantinople, mji mwingine wa Wakristo, wakauteka na kuupora mwaka 1204. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mzizi mmoja ni karatasi ile iliyosema "chochote watakachokubali."

Mheshimiwa Spika, kuna jambo katika asili ya maneno haya linalokuhusu wewe zaidi ya wenzako wawili. Mwaka 1295 Mfalme Edward I wa Uingereza alipoita mashujaa wa majimbo na wenyeji wa miji kwenye bunge, barua zake za wito ziliagiza waje wakiwa na mamlaka kamili na ya kutosha kwa niaba yao na ya jumuiya zao, ili kazi isikwame kwa kukosekana kwa mamlaka hayo. Ni maneno yale yale ya Kilatini. Mbunge na balozi mwenye mamlaka kamili ni watoto wa mama mmoja kisheria, wote wakiwa watu waliotumwa na wengine kuwafunga kwa neno lao. Kwa hiyo Bunge linapouliza "huyu aliyetia saini alitumwa na kibali gani?" halivamii shamba la Wizara. Linamuuliza ndugu yake swali ambalo lenyewe liliulizwa siku ya kuzaliwa.

Neno "maalumu" kwenye cheo nitalipita haraka, maana halina uzito tena. Zamani lilimtofautisha aliyetumwa kwa shughuli moja na yule aliyekaa ugenini. Wa shughuli moja akaheshimiwa zaidi, basi kila mfalme akaanza kumwita balozi wake maalumu, mpaka wote wakawa maalumu. Mkutano wa Vienna mwaka 1815 ulipanga madaraja ya wanadiplomasia ili wasigombanie viti, na mpango huo, kwa marekebisho, bado uko kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 tunaoufuata leo.

Yapo mambo mawili yanayoonyesha mamlaka kamili yalivyo na meno, na la kwanza hunichekesha kila ninapolifundisha. Mwaka 1847 Rais James Polk wa Marekani alimtuma Nicholas Trist Mexico kutafuta amani. Katikati ya mazungumzo Polk akakasirika, akamwita arudi. Barua ya kumwita ilimkuta Trist, akaisoma, akaamua kutoitii. Tarehe 2 Februari 1848 alitia saini Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, mtu ambaye hakuwa tena na mamlaka yoyote, na Mexico ikapoteza karibu nusu ya ardhi yake. Polk alimwona mhuni, lakini mkataba aliupenda. Akaupeleka kwenye Seneti, nayo ikauridhia mwezi Machi mwaka huo huo. Trist alifukuzwa kazi, ardhi haikurudi.

La pili ni letu.

Tarehe 15 Novemba 1884 wawakilishi wa nchi 14 waliketi Berlin kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani. Hakuna Mwafrika aliyekuwa mezani. Hata Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyedai mamlaka juu ya pwani na njia za misafara za bara, hakualikwa. Ukisoma mwanzo wa Mkataba Mkuu wa Berlin utakuta majina ya wafalme, kisha majina ya waliotumwa, kisha sentensi inayosema kwamba wajumbe hao walikuwa na hati za mamlaka kamili, zikakaguliwa na kuonekana sahihi. Yaani wale waliokuwa wakipanga kanuni za kuigawana Afrika walianza kwa kukaguana karatasi. Kati yao wenyewe hapakuwa na mzaha.

Wiki mbili baada ya mkutano kufunguliwa, tarehe 29 Novemba, Peters alikuwa Msovero. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuja kwa niaba ya chama cha ukoloni cha watu binafsi kilichoanzishwa Berlin mwaka huo huo, akiwa ameingia Zanzibar kwa jina la uongo, na huko konseli wa Ujerumani alimfikishia ujumbe kwamba asitegemee ulinzi wa serikali yake. Hakuwa na hati ya mfalme wala ya waziri. Lakini mkataba alioandika unasema Mangungo anazungumza kwa niaba ya watu wake wote, na Peters kwa niaba ya washirika wake wote wa sasa na wa baadaye. Unasema Mangungo anatoa nchi yote ya Msovero, na haki zake zote, kwa milele. Unasema mkalimani, Ramazan, alieleza yote kwa uwazi. Unasema pia kwamba Mangungo aliulizwa, akajibu kwamba hamtegemei Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hajui kuwa yupo! Mtu wa Usagara, kwenye njia ya misafara, mwaka 1884, hajui kuna Sultani Zanzibar. Hapo wanafunzi wangu huguna hata bila kuelekezwa.

Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Iliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Berlin ambaye angeuliza: huyu mtoa nchi, alikuwa na mamlaka ya kutoa? Peters alijua swali litakuja, akalijibu kabla. Swali la mamlaka yake mwenyewe aliliacha litatuliwe baadaye, na likatatuliwa. Mkataba Mkuu wa Berlin ulitiwa saini tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mtu ambaye hakutumwa akageuzwa kuwa aliyetumwa, kwa kurudi nyuma. Barghash alipolalamika, mwezi Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, naye akasalimu amri.

Ndiyo maana sipendi msemo wa "mikataba ya Chifu Mangungo" unavyotumiwa mitaani na hata Bungeni, kana kwamba kosa lote lilikuwa ujinga wa mzee mmoja. Jambo la kujifunza ni kwamba hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwambia Peters: toa hati yako tuione.

Leo tunao uwezo huo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba, katika ibara ya 7, unasema mtu huhesabiwa kuwa mwakilishi wa nchi akionyesha hati ya mamlaka kamili. Wasiodaiwa hati ni wachache: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje. Balozi naye, pamoja na cheo chake kirefu, msamaha wake unaishia kwenye kukubali maneno ya mkataba kati ya nchi yake na nchi anakokaa. Waziri wa sekta nyingine yoyote, katibu mkuu, mkurugenzi, wote kwa kawaida wanatakiwa hati. Na ibara ya 8 inasema kitendo cha asiye na mamlaka hakina nguvu ya kisheria, isipokuwa nchi yake ikikithibitisha baadaye. Trist na Peters wote wangepita kwenye kifungu hicho cha "isipokuwa".

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, unajua kuliko mimi kesi ya Cameroon na Nigeria juu ya rasi ya Bakassi. Mwezi Juni 1975 marais Ahmadou Ahidjo na Yakubu Gowon walitia saini Azimio la Maroua kuhusu mpaka wa baharini. Gowon akapinduliwa wiki chache baadaye, na Nigeria ikaja kudai kwamba kwa katiba yake ya wakati ule saini ya rais peke yake haikutosha; Baraza Kuu la Kijeshi lilipaswa kukubali. Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikataa hoja hiyo. Ilisema kikomo cha mamlaka ya mkuu wa nchi hakiwezi kuhesabiwa kuwa dhahiri kwa wengine kama hakikutangazwa ipasavyo, na kwamba nchi moja haina wajibu wa kufuatilia mambo ya kikatiba ya nchi nyingine. Kwa lugha ya kwetu: kizuizi ulichokificha ndani hakimzuii mgeni. Basi kama tuna vikomo, na tunavyo, kwa nini tuvifungie kabatini?

Tunavyo, kwa sababu Katiba yetu, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Tuliona kazi hiyo ikifanyika chini ya macho ya nchi nzima mwaka 2023, katika suala la makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, yaliyotiwa saini mwezi Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Sitarudia mabishano yale. Mahakama Kuu kule Mbeya ilitupa shauri lililofunguliwa kuyapinga, na kazi bandarini inaendelea. Ninachokikumbuka ni aina ya maswali. Watu wasiowahi kusoma sheria walikuwa vijiweni wakiuliza kama Dubai, ambayo ni sehemu ya Falme za Kiarabu, ina uwezo wa kuingia mkataba na nchi, na kama waziri aliyetia saini upande wetu alikuwa na kibali. Hayo ni maswali ya Azo wa Bologna yaliyoulizwa kwenye vibanda vya kahawa! Lakini karatasi zilizokuwa zikirushwa kwenye simu zilikuwa za Kiingereza, kila mtu akizitafsiri kwa kadiri ya hasira yake. Kulikosekana hata jina moja la kukubaliana: huyu anasema hati ya uwakili, yule barua ya idhini, mwingine kibali cha Ikulu.

Najua jibu litakalokuja kwanza kutoka Wizarani: siri za majadiliano. Naomba tusichanganye karatasi mbili. Kuna maagizo, yaani anachoambiwa mjumbe kuhusu bei ya mwisho, mahali pa kulegeza na mahali pa kukaza. Hayo ni siri na yaendelee kuwa siri, hakuna mwenye akili anayeonyesha karata zake. Na kuna hati ya mamlaka, ambayo imetengenezwa ili ionyeshwe. Kazi yake yote ni kuonyeshwa. Mgeni aliyekaa upande wa pili wa meza huikagua kabla ya kalamu kushika karatasi, na akitaka huondoka na nakala. Sasa niambieni, ni siri gani hiyo ambayo mgeni anaijua na mwenye nchi haijui?

Jibu la pili litakuwa kwamba serikali inajua iliyemtuma, kwa hiyo wananchi wasiwe na wasiwasi. Huenda. Wakuu wa Ufaransa nao walijua waliowatuma Venice. Wasichokijua ni kikomo walichosahau kuandika. Hati ikisomwa Bungeni, mbunge ataona kama inasema "kujadili", au "kujadili na kutia saini", au imeachwa wazi kabisa. Ataona kama inataja sharti la kuridhiwa. Na upande wa pili, ukijua kwamba karatasi hiyo itasomwa kwa sauti Dodoma, hautakuwa na kisingizio cha kusema haukujua mipaka yake. Hukumu ya Bakassi inatusukuma kwenda huko, kwa faida ya serikali yenyewe.

Kuhusu lugha sina maneno mengi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na Umoja wa Afrika umekifanya lugha yake ya kazi. Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889 kati ya Ethiopia na Italia ulikuwa na ibara ya 17 iliyosema jambo moja kwa Kiamhari na jingine kwa Kiitalia. Kwa Kiamhari Mfalme Menelik wa Ethiopia angeweza kuitumia Italia kuwasiliana na nchi za Ulaya, kwa Kiitalia alilazimika. Tofauti hiyo ilikwenda kuamuliwa kwenye vita vya Adwa mwaka 1896 kwa maelfu ya maiti. Menelik aliweza kuukana mkataba kwa sababu alikuwa na nakala ya lugha yake mkononi. Mangungo alikuwa na maneno ya mkalimani tu.

BAKITA, kazi yenu ni ndogo na inawezekana kabla mwaka haujaisha: teueni istilahi moja ya hati hii na moja ya mwenye kuibeba, mzipeleke Wizarani na Bungeni, zitumike. Mimi nimetumia "hati ya mamlaka kamili" na "mwenye mamlaka kamili" kwa sababu ndiyo maneno yanayoeleweka. Mkipata bora zaidi nitafundisha hayo.

Mheshimiwa Spika, sheria mpya haihitajiki ili kuanza. Mkataba unaofuata ukiletwa mezani, kamati husika inaweza kumuuliza waziri anayeuwasilisha alete hati ya mtu aliyeutia saini, na ikaingizwa kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Mheshimiwa Waziri, unaweza hata kutomsubiri Spika. Ofisi yako ndiyo inayozitunza.

Mtakapojibu, naomba jibu liwe la wazi kama barua hii. Mada ya mikataba ya 1884 tunaifika muhula wa pili, na ningependa kuingia nalo darasani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa historia,
Morogoro